Mshiriki wa Saba

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, unakula vizuri, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimetulia. Ukitaka kujua hali zetu, mimi sijambo, shule inaendelea, na mama ni mzima kwa upande wa mwili. Cherehani nayo ni nzima. Nimeanza hivi kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua, na kwa sababu nikianza na yaliyoko moyoni utaikunja kabla hujafika ukurasa wa pili.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu zipo. Kwenye simu wewe hunikatiza. Mimi nikiwa bado natafuta neno, wewe umeshalipata, umeshalisema na umeshalijibu. Unanijua. Mwalimu akiita majina asubuhi mimi huinua mkono badala ya kuitika, na darasa zima limezoea. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho. Nimekasirika, kaka. Nilidhani hasira hupoa yenyewe kama pasi iliyochomolewa, lakini hii yangu bado iko kwenye umeme.

Nianze na siku ile ya mahojiano, maana najua unaikumbuka kwa namna yako, na namna yako ndiyo iliyochapishwa.

Ulikuwa umekuja likizo. Mama alikuwa anapinda sketi za sare za shule, mimi niko chini ya dirisha nafumua suruali ya mteja aliyenenepa. Ukavuta kigoda, ukaweka simu yako irekodi juu ya meza ya cherehani, kati ya chaki na kile kikopo cha bobini za uzi, ukasema unafanya utafiti kuhusu dini na maisha ya watu wa mjini siku hizi. Ulitaka kujua wanawake wanaofanya kazi kutwa wanaombaje, na maombi hayo yanawafanyia nini katika dunia hii ya benki na hospitali na simu. Kisha ukamsomea karatasi ya ridhaa. Mama alicheka mpaka akatoa mguu kwenye pedali. Akasema tangu lini mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe anaomba ruhusa ya kuongea naye, na akauliza kama siku akitaka kukugombeza itabidi na yeye akusomee karatasi kwanza. Sote tulicheka. Ukamweleza kwamba jina lake halitatajwa popote, kwamba watakaosikiliza ni wewe na msimamizi wako tu, na kwamba akitaka kuyaondoa maneno yake wakati wowote atayaondoa na hataulizwa sababu. Mama akasema haya, uliza, mikono yangu inaendelea na kazi.

Akakueleza habari za duara la maombi la Jumatano analoliongoza, ambazo wewe unazijua tangu ulipokuwa unalala kwenye mikeka yao. Akakueleza jinsi kina mama wanavyotoka makazini, mmoja na ndoo ya kufagilia, mwingine bado na aproni ya hospitali, wanaingia kile chumba cha pembeni cha kanisa, wanavua viatu kwa sababu miguu inauma, si kwa sababu ya utakatifu. Akakwambia anavyokumbuka shida ya kila mmoja kama anavyokumbuka vipimo vya kiuno. Ulikuwa unatabasamu. Halafu ukamuuliza kama kuna kilichobadilika katika kuomba kwake tangu baba afariki.

Mimi nilitaka ulirudishe swali hilo mdomoni. Mama alishona mshono mpaka mwisho, akakata uzi, ndipo akasema. Alisema tangu baba azikwe, akiomba anasikia sauti yake mwenyewe tu. Ni kama kuongea na simu ambayo upande wa pili wameshakata, ila wewe umeing'ang'ania sikioni kwa sababu chumba kimejaa watu wanaokutazama. Alisema hajamwambia mtu yeyote. Alisema huenda siku moja upande wa pili watapokea tena, na wasipopokea basi, lakini wale wanawake wakiisikia sauti yake wanarudi makwao wakiwa na nguvu za kuwasha jiko. Akauliza, bila kukuuliza wewe hasa, akinyamaza yeye nani atawashika.

Na wewe ulilia, kaka. Nilikuona. Ulivua miwani ukafuta macho kwa sketi ya sare iliyokuwa karibu, mama akakupiga kakofi ka mkono akasema hiyo ni ya mwenyewe, jifute na shati lako. Nikajua umeizima simu. Nilijua hivyo kwa sababu mtoto wa mtu angeizima.

Miezi ikapita. Siku moja mtoto wa katibu wa kanisa, yule anayesoma chuo, akatuma video kwenye kundi la simu la duara, kwa fahari kabisa, akiandika kwamba kijana wetu anawafundisha maprofesa. Kina mama walishangilia kundini mpaka simu yangu ikapata moto. Mama Pacha alikuja mbio kutoka duka lake la nyuzi na vitambaa akiwa na mita ya kupimia shingoni, tukaiegemeza simu kwenye mkebe wa vifungo tukatazama watatu. Mama hakuelewa ulichokuwa unasema kwa lugha ya chuo, lakini alikuwa amejaa furaha uso mzima. Alisema mabega ya koti lako yameshonwa na mtu anayestahili kufungwa. Mama Pacha akasema mwache, maprofesa hawatazami mabega.

Halafu nyuma yako, ukutani, yakatokea maandishi katika lugha mbili, na ya kwanza ilikuwa yetu. Bwana, ni sisi wale wale, tumekuja na yale yale, na Wewe usituchoke.

Sijui kama msimamizi wako alikufundisha jinsi ya kumficha mtu, lakini kama alikufundisha, airudishe ada yake. Ulimwondolea mama jina ukamwita Mshiriki wa Saba. Ulimwondolea cherehani ukamfanya msusi. Ukampunguzia miaka, ukamwongezea mtoto mmoja, ukamhamishia upande mwingine wa mji. Vyote hivyo ulivibadilisha, na hakuna hata kimoja ambacho mtu wa hapa angekihitaji ili amtambue. Ukaacha sala yake kama ilivyo, neno kwa neno, kwa sababu ilikuwa nzuri na hotuba yako ilihitaji kitu kizuri. Kaka, watoto wa mtaani kwetu wakicheza kanisa, yule anayepewa nafasi ya mama yetu huanza na maneno hayo hayo, na wengine wanajua papo hapo kwamba sasa ni zamu ya kufumba macho. Umemfunika mtu shuka gubigubi ukaacha uso wote nje, kisha ukasimama pembeni ukasema hamumwoni.

Uliisoma ile sala kwa lugha ya chuo. Ukumbi ukacheka. Utasema hakikuwa kicheko kibaya, na huenda ni kweli, huenda walicheka kwa kupendezwa. Lakini na wewe ulicheka. Mama aliona midomo yako. Akaniuliza wamecheka nini hapo. Nikasema sijasikia vizuri. Nilikuwa nimesikia kila kitu, na hata sentensi iliyofuata, ile uliyosema kwamba mwanamke huyu ni mfano wa imani iliyokufa ndani ikabaki umbo nje, na kwamba yeye mwenyewe anakiri haamini tena kuna anayesikiliza. Mama Pacha hakuielewa lugha, lakini aliacha kutabasamu kabla yetu. Aliitazama simu, akamtazama mama, akaivua ile mita shingoni taratibu akarudi nayo dukani kwake.

Kuanzia hapo mambo yalienda kama maji kwenye mteremko. Mtoto wa katibu aliulizwa nyumbani kwao hotuba ilisema nini tena, akaona haya kudanganya. Katibu akachapisha ile makala yako kutoka kwenye mtandao wa chuo. Wazee wa kanisa wakaitisha kikao katika kile chumba cha pembeni, Jumapili baada ya ibada, na mama akaitwa. Na mimi nikaitwa. Mchungaji anaijua lugha ya chuo vizuri kuliko wewe na mimi, lakini alisema hataki mtu adai amepindisha maneno, na mtoto wa katibu naye asingefaa kwa kuwa ndiye aliyeleta habari. Alisema kwa haki kabisa tafsiri ifanywe na binti wa mhusika, aliyesoma kwa lugha zote mbili. Alilisema neno haki kama mtu anayekukaribisha kiti.

Ndiyo, kaka. Mimi ambaye siwezi kuitika jina langu, nilisimamishwa mbele ya wazee na nusu ya wanawake wa duara, makala yako mkononi, ili nimtafsirie mama yangu yale ambayo mtoto wake ameandika juu yake. Viti ni vile vya plastiki, vinavyolia mtu akihema. Mwenyekiti wa wazee, yule mpima ardhi mstaafu, alikuwa ameketi na kalamu nyuma ya sikio kana kwamba angeniwekea mipaka. Alianza kwa kuuliza kama utafiti huo ulipata kibali cha kanisa. Mwanamke mmoja nyuma akamwambia na sala zetu huwa zinapata kibali cha nani, watu wakacheka kidogo, na hicho ndicho kicheko pekee cha siku ile. Mama alikuwa amevaa lile gauni la kijivu alilojishonea msiba ulipoisha. Aliniambia nisome tu, mwanangu, na nisitetemeke, hawa wote amewashonea nguo, hakuna wa kuogopwa.

Nikasoma. Nilisoma ulivyoeleza mji wetu bila kuutaja, ulivyosema kwamba siku hizi watu hawajaiacha dini bali wamebadilisha inachofanya, kwamba maombi yamekuwa kama kituo cha kupumzikia kati ya kazi mbili. Wazee wakatikisa vichwa, hata wakapendezwa. Mwinjilisti kijana akasema hilo hata yeye ameliona. Nikafika kwa Mshiriki wa Saba. Nikaisoma sala, na sikuhitaji kuitafsiri. Chumba kizima kiliinama kana kwamba mama ameanza kuomba.

Sentensi iliyofuata ndiyo ile. Niliitazama muda mrefu. Mwenyekiti akakohoa. Halafu nikasikia sauti yangu ikisema, kwa utulivu ambao sijui ulitoka wapi, kwamba hapa mwandishi anaeleza kuwa mwanamke huyu si mtu mmoja. Nikasema anaandika kwamba amechukua maneno ya wanawake wengi wa sehemu nyingi akayaunganisha, kwa hiyo yanayofuata yasidhaniwe kuwa ya mtu yeyote mmoja. Nikageuza ukurasa. Viti vililia vyote kwa pamoja, watu wakiegemea nyuma. Mchungaji alikuwa na nakala yake mapajani. Aliitazama, akanitazama, akafunga mdomo. Mpaka leo sijui kama alininyamazia kwa huruma au alitaka kuona nitafika wapi.

Tungetoka pale salama, kaka. Mlango ulikuwa wazi. Mama ndiye aliyesimama. Alisema binti yake ni mtoto mzuri, na leo amemwona akiongea mbele ya watu kwa mara ya kwanza, na anasikitika kwamba alichoongea ni uongo. Alisema hajui yameandikwa vipi, ila anajua alisema nini, na hao wanawake wengi wa sehemu nyingi hawapo, yupo yeye. Kisha akawaambia yote kwa lugha yetu, vile vile alivyokwambia wewe, habari ya simu iliyokatwa na yeye kuing'ang'ania sikioni. Aliongea kama anavyoongea na mteja ambaye kitambaa chake hakikutosha, bila kulia na bila kuomba radhi.

Aliyejibu kwanza hakuwa mzee yeyote. Alikuwa Mama Pacha. Aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo, siku zile pacha wake walipolazwa na mama akamshika mkono kule wodini akaomba mpaka sauti ikakauka, alikuwa anaongea na nani. Mama akamwambia, nilikuwa naongea na wewe. Mama Pacha akachukua mkoba wake akatoka, na tangu siku hiyo mama hununua uzi mtaa wa pili.

Wazee walisema mama apumzike. Hawakusema amefukuzwa, walisema apumzike, na mwenyekiti akaongeza kwamba ni kwa faida yake, maana amebeba mengi tangu msiba. Duara sasa linaongozwa na mke wa mwinjilisti, ambaye huomba akisoma kwenye simu, na betri ikiisha na maombi yameisha. Nimesikia wanaokuja ni wachache. Wengine humsalimia mama barabarani kwa upole mwingi, ule upole wa kumsalimia mgonjwa, na hilo linamuudhi kuliko wale wanaovuka upande wa pili.

Kuhusu hapa nyumbani. Unakumbuka kila asubuhi mama alikuwa anaipaka cherehani mafuta huku anaomba kwa sauti, na sisi tunaamka kwa sauti hiyo tukiwa tumekasirika kwamba kumekucha. Haombi tena. Anaipaka mafuta kimya. Jumatano saa za duara anakanyaga pedali bila kupumzika, anashona hata vitu ambavyo havijaagizwa, na siku moja nilimkuta anashona kitambaa kitupu, mshono juu ya mshono, mpaka kikawa kigumu kama ubao. Wewe uliandika kwamba kilichobaki kwake ni mazoea. Mtu anaongea miaka na miaka na asiyemjibu, na anaendelea kwa ajili ya waliokaa nyuma yake, wewe unaita mazoea. Mimi sijui naiita nini, sijafika chuo. Ila wewe mtu asipojibu ujumbe wako siku moja unanuna wiki nzima. Na ulipoandika kwamba maombi yake yana kazi ya kijamii, kaka, hiyo kazi ya kijamii ni mimi. Tangu baba afariki ni sauti ile iliyokuwa inanitoa kitandani. Sikuwahi kujali kama kuna mwingine anayeisikiliza.

Na mahali popote katika makala ile hukuandika kwamba mtafiti alilia. Nimeitafuta sentensi hiyo. Haipo.

Ulipiga simu baada ya kusikia. Mama alifurahi kuona jina lako, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Ulimuuliza hali, ukamwambia pole, halafu ukahamia lugha ya chuo ukawa unaongea na mimi juu ya kichwa chake, ndani ya nyumba yake. Ulisema taratibu zote zilifuatwa, jina lilifichwa, ridhaa ilitolewa, na huwezi kulaumiwa kwa watu wasioelewa maana ya utafiti. Ulisema sura hiyo ndiyo roho ya tasnifu yako, na kuna watu wanataka iwe kitabu. Mama alikuwa anatutazama kwa zamu kama mtu aliyeketi kati ya wageni. Ulipomaliza aliniuliza umesema nini. Nikamwambia umesema unatukumbuka. Huo ulikuwa uongo wangu wa pili kwa ajili yako, na nimeapa ni wa mwisho.

Nilimwambia mama baadaye kwamba anaweza kuyaondoa maneno yake, wewe mwenyewe ulimwambia hivyo siku ile. Akasema tuache, wewe ni mtoto wake, usije ukakosa shahada kwa sababu ya mdomo wake. Akarudi kwenye sketi.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nikuandikie, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa. Nimeiandikia kamati ya maadili ya chuo chenu. Ile karatasi ya ridhaa uliyomwachia mama ilishakatwa kuwa pateni ya kukatia mfuko wa shati, lakini kile kipande cha chini chenye anwani kilibaki kwenye kapu la vitambaa. Niliandika kwa lugha ya chuo, kwa siku kadhaa, nikitumia kila msamiati niliofundishwa. Niliandika kwamba mshiriki wa saba ni mama yako mzazi, jambo ambalo nadhani hukuwaambia. Niliandika kwamba mama ameumia sana, kwamba ni mjane mnyonge, mama wa watu, na kwamba naomba maneno yake yaondolewe katika tasnifu, katika makala na kwenye ile video.

Nilipomaliza nilijisikia shujaa mpaka nilipoisoma tena. Nikaona nimefanya kile kile ulichofanya wewe. Nimechukua mambo ya mama, nimeyaandika kwa lugha asiyoijua, nimeyapeleka kwa watu asiowajua, na yeye yuko chumba cha pili anatia uzi kwenye sindano. Niliona aibu iliyonichoma masikio. Nikaenda nikakaa kwenye kigoda kile kile ulichokalia wewe, nikamwambia nina kitu cha kumsomea, na nikakitafsiri chote, hata pale nilipomwita mnyonge. Safari hii sikuruka wala sikuongeza.

Alizima taa ndogo ya cherehani. Aliniuliza kama utafeli. Nikamwambia sijui, ila itabidi uandike sura nyingine, na pengine utachelewa. Akaitazama karatasi mkononi mwangu. Nilifikiri atanirarulia barua. Akaniambia nisome tena pale kwenye mjane mnyonge. Nikasoma. Akauliza mnyonge ni nani humu ndani. Akasema nifute hapo, na pale niliposema ameumia pia nifute, niandike amekasirika. Akasema amekasirika sana, na amekuwa akingoja mtu amuulize, lakini kila anayekuja anamletea pole.

Kisha akaniambia niongeze maneno yake, nami niyaandike kwanza kwa lugha yetu na tafsiri ikae chini, si kama wewe ulivyoyapanga ubavu kwa ubavu na lugha ya chuo ili watu wacheke. Nakuandikia hapa kama alivyoyasema: Yale niliyomwambia mtoto wangu, abaki nayo, ni yake. Yale aliyochukua mtafiti, nayataka yote.

Akatia sahihi mwenyewe. Tumeituma. Utakapokuwa unasoma barua hii, ile nyingine itakuwa imeshafika kwa watu wako, na huenda msimamizi ameshakuita. Sikuombi msamaha. Nimejaribu kuliandika neno hilo mara kadhaa na mkono umekataa.

Nimefika mwisho. Watu wa hapa wanakusalimu, yaani wale ambao bado wanatusalimia sisi. Mtoto wa katibu anakuomba umsamehe, nikamwambia yeye hana kosa. Mama nilimuuliza kama nikupe salamu zake. Alifikiri, akaondoa pini mdomoni, akasema salamu zake zipo, ila haziandikwi, uje uzichukue mwenyewe, na simu uiache mlangoni na viatu.

Ukijibu, andika kwa lugha ya nyumbani. Kila neno utakaloleta nitamsomea.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba